Mwacheni, Anakoroma

Tarehe 3 Machi

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Marahaba yako naitanguliza kabla hujanisalimia, maana najua ungeanza na shikamoo na mimi leo sina subira. Baba yako mzima. Ametoka lindo asubuhi, amelala hapa kwenye kochi, anakoroma mpaka vikombe vinalia kabatini. Miaka yote hii nikiwa jikoni nikimsikia najua mume wangu yupo, mambo yako sawa. Mimi pia mzima, naenda kazini na kurudi. Nakuandikia kwa sababu lori lenu la mahitaji linapita kesho, na hata kama simu ingeshika huko kambini nisingekupigia. Sauti ingenitoka vibaya.

Kipenga amefariki.

Unamkumbuka, yule ninayekunja naye mashuka. Shuka la hoteli halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika ncha mbili huku, mwenzake ncha mbili kule, mnavuta, mnakung'uta, mnaendeana, mnapeana ncha, mnarudi nyuma. Miaka kumi na moja tumeendeana na kuachana siku nzima, yeye akipiga mluzi, ndiyo maana wakamwita Kipenga. Kila tukikutana katikati ananiambia, "Bi harusi, njoo uchukue shela lako." Na mimi namjibu, "Bwana harusi gani huyu, ana soksi za rangi mbili."

Ilikuwa Jumanne, tumemaliza chai ya saa nne. Akaja, akanipa ncha zake, akasema "Ngoja," akakaa chini. Halafu akalala kabisa. Nikadhani ni utani wake. Nikamwambia acha mchezo, mtu mzima wewe. Macho yalikuwa wazi lakini hayaniangalii.

Dereva wa sabuni alikuwa anashusha mapipa mlangoni. Aliacha pipa likabingirika, akaja mbio, akamtikisa, akamwita, akapiga magoti, akaanza kumbonyeza kifua kwa mikono miwili, kwa uzito wake wote, huku anapiga kelele tuite gari la wagonjwa. Kitu kikalia kah! ndani ya kifua, tulisikia wote. Na pale pale Kipenga akatoa sauti. Akakoroma. Kimya. Akakoroma tena.

Sasa mtu mmoja pale akasema, "Mwacheni, anakoroma! Mtu anayekoroma si yuko hai? Unamvunja mbavu bure. Wewe kazi yako sabuni, shusha sabuni yako uende." Yule dereva akaondoa mikono. Tukampepea kwa foronya, tukamwekea taulo chini ya kichwa. Kukoroma kukakoma, tukaambizana afadhali, sasa amelala vizuri. Gari lilipofika, waliokuja nalo walimgusa shingo, wakatuambia amekwisha kufa.

Ndugu wa Kipenga wanasema dereva ndiye aliyemuua, kwa sababu daktari amekuta ubavu umevunjika. Wanataka kumshtaki.

Wewe uliwahi kuniambia mlifundishwa mambo haya kambini, mkacheka na lile sanamu la mpira la kubonyezwa kifua. Nauliza tu, kwa kutaka kujua. Mtu akikoroma vile, si ina maana anapumua?

Vaa soksi usiku.

Mama yako


Tarehe 10 Machi

Mama,

Shikamoo, ingawa umeshanijibu. Pole sana. Nimekaa juu ya gunia la mchele hapa stoo nimesoma barua yako mara mbili, na chakula cha mafundi kikaungua, leo wamekula wamenuna. Mara ya mwisho nilipokuja hapo kazini kwenu Kipenga aliniuliza kama kwenye kambi ya barabara kuna wanaume warefu, kwa sababu anataka mkwe wa kumsaidia kukunja mashuka.

Mama, ule haukuwa usingizi. Moyo ukisimama, mwili unaweza kuvuta pumzi za mwisho mwisho, moja, kimya, nyingine, na inasikika kama mtu anakoroma. Mwalimu alitusikilizisha sauti hiyo kwenye simu yake mara tatu, kwa sababu alisema hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mtu umemtikisa bega, umemwita, haitiki, na hapumui kama tunavyopumua mimi na wewe, basi mmoja aite msaada na mwingine aweke mikono katikati ya kifua abonyeze kwa nguvu na haraka, asiache mpaka wenye kazi yao wafike au mgonjwa mwenyewe aanze kujitikisa. Hakuna cheti kinachohitajika. Mimi ni mpishi, nilikalishwa nusu siku tu. Mbavu zinavunjika wakati mwingine, na mbavu zinapona.

Dereva alikuwa sahihi. Angeachwa aendelee, pengine leo Kipenga angekuwa hospitali anawatania wauguzi.

Huyo aliyesema mwacheni ndiye aliyemmaliza. Nisamehe kusema hivyo, lakini nina hasira. Nani huyo? Si yule mama wa pasi hapo kazini kwenu? Najua mdomo wake, kila kitu anakijua yeye. Mwambie imetoka kwangu: hiyo sauti aliyoiita kukoroma akalale nayo.

Na wewe usikubali wamwonee yule dereva. Ulikuwepo, uliona.

Mwanao


Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Barua imefika. Soksi nilizokufumia nazituma na lori hili, za kijivu, uzi mwekundu umeishia kisiginoni nikamalizia na wa buluu, usinicheke.

Ile habari ya kazini tuiache. Aliyekufa amekufa. Mama wa pasi hajambo, anakusalimu.

Msimamizi amenipa mtu mwingine wa kukunja naye. Ni mfupi, shuka linaburuta chini, tunalirudisha kufuliwa. Na hapigi mluzi. Nikimwendea namkuta amenitolea macho kama ninayekwenda kumpiga.

Dereva wa sabuni ameondolewa kwenye gari. Kampuni yake imemweka nyumbani mpaka kikao cha tarehe 29, watakutana na ndugu wa marehemu hapa hapa kwetu ofisini. Wakiona ana kosa wanamfukuza, na ndugu wanakwenda polisi. Msimamizi ameandika maelezo yetu kwenye karatasi. Alinisomea haraka haraka, kuna mahali panasema dereva alitumia nguvu na wafanyakazi wakamzuia. Nikaweka sahihi. Maandishi yalikuwa madogo, na mimi na darasa langu la nne ningesema nini?

Mkono wa kulia una ganzi. Nikishika foronya nahisi kola ya shati lile la buluu, kitambaa kigumu cha sare, limeloa jasho. Nimepaka mafuta ya kuchua, haisaidii.

Baba yako anakoroma. Siku hizi nahamia nje na kiti changu mpaka aamke. Ameniuliza kama tumegombana.

Kula vizuri.

Mama yako


Tarehe 20 Machi

Kwako mama wa mashuka,

Shikamoo. Ni mimi dereva wa sabuni. Jina langu hujawahi kuliuliza na mimi sijawahi kukuuliza lako, lakini nimeshusha mapipa mlangoni kwenu miaka mitatu na kila mara umenipa maji ya kunywa. Barua hii namkabidhi mama wa pasi, yeye ndiye aliyekuja nyumbani kuniona.

Nimesikia mmetia sahihi karatasi. Sikuja kukulaumu. Nataka uniambie jambo moja, na uliseme siku ya kikao kama utaweza. Uliposema anakoroma, ulikuwa unaamini hivyo?

Mimi nilijua kwamba si kukoroma. Tulifundishwa tulipokwenda kuchukua leseni ya magari makubwa. Nilijua, na bado niliondoa mikono. Ulinishika kola kwa nyuma ukanivuta, na nilipogeuka nikamwona mtu wa umri wa mama yangu, amevaa aproni kama ya mama yangu, ananikemea. Mikono ikaondoka yenyewe. Nimelelewa hivyo, mtu mzima akisema acha, unaacha.

Ningekusukuma, mama. Kila siku nalala nikikusukuma.

Mke wangu ananiambia nikusahau. Sina pa kukuweka nikakusahau. Waambie tu kwamba niliacha kwa sababu uliniambia niache. Wakishajua hilo, la mbavu nitalibeba mwenyewe.

Dereva


Tarehe 24 Machi

Mama yangu,

Ni kola ya shati la nani?

Nimeisoma barua yako na chai mkononi mpaka ikapoa. Nikarudi kwenye ile ya kwanza. "Mtu mmoja pale." Mama, wewe hujawahi kunihadithia kisa bila kuniambia nani alisema, alivaa nini, na mama yake alikuwa nani. Halafu ghafla mtu mmoja hana hata jina la utani.

Na mimi nikakuandikia yale maneno. Yanatoka kwangu, ya kwenda kulala na sauti. Ningeweza kulipa ili ile barua irudi, ningelipa. Najua uliisoma peke yako, umekaa kwenye kile kigoda, unafuata mstari kwa kidole.

Sitakwambia hukukosea. Ungejua kwamba nadanganya. Ulikosea, na yule mtu alikuwa rafiki yako kuliko watu wote hapo. Lakini nisikilize na hili. Hata wakibonyezwa na wanaojua, wengi hawarudi. Mwalimu alituambia hivyo wazi. Pengine Kipenga angekufa vile vile, pengine asingekufa. Hiyo pengine hatutaipata, wewe wala mimi wala daktari.

Na mimi nina yangu. Nilipokuja likizo nilikuwa na kile kijitabu cha mafunzo kwenye begi, chenye picha za mikono na kifua. Nilitaka kukuonyesha. Halafu nikasema moyoni, ah, mama ataelewa wapi mambo haya, atanisumbua na maswali. Nikakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Kipo hapo mpaka leo, labda unafagia kukizunguka. Ndani yake ukurasa wa sita kuna picha ya mtu kaachama na maneno: usidhani anakoroma.

Kwa hiyo tukihesabu waliomwacha Kipenga, na mimi nimo.

Kikao ni tarehe 29. Nenda ukaseme, mama. Kuna mtu mzima, pengine ana watoto watatu au wanne, anakaa nyumbani akisubiri kuitwa muuaji, na wewe ndiye unayejua. Ningekuwepo ningekushika mkono. Mshike mama wa pasi, kama atakubali.

Mwanao


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Kijitabu nimekitoa. Meza sasa inacheza, barua hii ikipinda usishangae.

Nilikwenda. Nilivaa gauni la maua ya zambarau, halafu nikaona ni la sherehe, nikalivua, nikavaa la kazini. Tulikuwa ofisini kwa msimamizi, viti havikutosha, mama wa pasi akakaa juu ya furushi la taulo. Mke wa Kipenga alikuwepo na shemeji yake, bwana mmoja mwenye sauti. Mkubwa wa kampuni ya sabuni alikuwepo. Dereva alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, ana lile shati la buluu. Sikuweza kuiangalia ile kola.

Msimamizi akasoma karatasi. Alipofika pale pa "wafanyakazi wakamzuia," nikasimama.

Nikasema, "Wafanyakazi hapana. Ni mimi."

Msimamizi akasema, "Mama, kaa. Tulishaelewana."

Nikamwambia, "Ulielewana na karatasi yako, baba. Mimi ulinisomea mbio."

Mama wa pasi akacheka puani, halafu akajishika mdomo. Nikawaeleza yote. Kwamba dereva alimtikisa na kumwita na kufanya inavyotakiwa, kwamba mimi nilimshika kola nikamvuta, nikamwambia ashushe sabuni aende. Kwamba nilisikia kukoroma nikadhani ni uzima, kwa sababu nyumbani kwangu kukoroma ndio uzima. Nikamgeukia dereva nikamwambia, "Uliniuliza kama niliamini. Niliamini, mwanangu. Naapa niliamini. Ningekuwa sikuamini ningekuwa shetani, na kwa kuwa niliamini, sijui nimekuwa nini."

Shemeji mtu akaruka. "Kumbe muuaji tumekaa naye chumba kimoja!"

Mke wa Kipenga akamwambia anyamaze. Hakupandisha sauti. Akaniangalia, ni mara ya kwanza tangu nimeingia. Akaniuliza, "Dada, umesema alikoroma?"

Nikasema ndiyo, dada.

Akasema, "Mume wangu hakoromi. Miaka ishirini na mbili nimelala ubavuni kwake. Hajakoroma hata siku moja. Alikuwa analala kimya mpaka namwekea kiganja puani nihakikishe."

Hapo mwanangu nilikaa. Miaka kumi na moja namjua anapenda chai ya tangawizi, namjua bega linalomuuma, namjua nyimbo zake zote za mluzi. Na lile moja sikulijua. Mimi nilimsikiliza Kipenga kwa masikio yaliyomzoea mume wangu.

Akasimama, akaenda kwa dereva, akamwambia, "Wewe peke yako ndiye uliyemfanyia kitu. Wengine walimpepea." Halafu akamwambia shemeji yake waende. Alipopita mbele yangu nilitoa mkono. Hakuupokea. Alisita kidogo, akaniambia, "Mashuka yenu siku hizi unakunja na nani?" Nikamwambia na mtu mfupi. Akaitikia kwa kichwa akatoka. Hilo ndilo alilonipa, na sitaomba zaidi.

Hakuna aliyekwenda polisi. Dereva amerudishiwa gari lake. Karatasi ile msimamizi aliichana, nikamwambia andika nyingine iliyo kweli, akaandika, safari hii nikaisoma mwenyewe kwa kidole, nusu saa nzima, wakanisubiri.

Sasa niungame na hili. Wewe ulimsingizia mama wa pasi na mimi nikanyamaza nikakuletea salamu zake. Yeye ndiye aliyepiga simu kuita gari la wagonjwa siku ile, wakati sisi tunapepea. Yeye ndiye aliyekwenda kumwona dereva. Nilimwomba radhi, maana tangu siku ile chakula cha mchana nakula nimejitenga nao, akasema, "Nilikuwa nasubiri tu lini utachoka kula peke yako." Mwandikie.

Leo dereva ameleta sabuni. Nikamletea maji yake, nikamwambia kabla hujaondoka nifundishe. Alinitazama sana. Tukajaza taulo kwenye foronya, tukailaza juu ya meza ya kukunjia, akasema hapana, chini, sakafuni, penye ugumu. Nikapiga magoti. Mama wa pasi akapiga magoti, na yule mfupi naye. Nilibonyeza kama ninayekanda unga.

"Kwa nguvu, mama."

"Nitamvunja."

"Mvunje. Ni taulo."

Nilibonyeza mpaka jasho likaniingia machoni, ndiyo nikapata kisingizio cha kulia. Akaniuliza, "Na akitokea mtu akakuvuta, akakwambia mwache, anakoroma?" Nikamwambia, "Nitamwambia ashushe sabuni yake aende." Akacheka. Halafu akaacha kucheka, na mimi pia.

Ganzi ya mkono haijaisha. Sidhani kama itaisha, nimeanza kuizoea.

Nimerudi na kiti changu ndani. Baba yako amelala kwenye kochi, anakoroma, vikombe vinalia. Najua ni mkoromo wake, naujua unavyopanda na kushuka, na bado kila siku nikisharudi kazini naweka chini ninachofanya, naenda namtikisa bega, namwita jina lake. Anafungua jicho moja. Anasema, "Nini tena, mwanamke wewe? Nyumba inaungua?"

Namwambia hapana. Lala.

Mama yako